Makaa ya Bi Kuruthumu

Baba Paroko, uliyekubali kukalia kiti chenye mguu wa kufungwa kamba. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti wa Jumuiya yetu, Mwalimu Leticia. Wazee wa nyumba hii mlioishi hapa tangu bati likiwa jipya. Bi Kuruthumu, jirani wa mlango kwa mlango. Ndugu Onesphory, uliyesafiri kutoka Ndanda kuja kumchukua mama yako. Wenzangu wabeba mizigo wa Kariakoo, mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha na kwa sababu mmezoea kusimama. Wageni mlioalikwa, na ninyi mliosikia harufu ya pilau mkaingia. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na wewe Mama Hyasinta, ambaye leo tunakuaga, shikamoo.

Nimesikia marahaba yako. Sasa naweza kuanza.

Jina langu ni Leodegar, wengi mnaniita Leo. Shule niliishia darasa la tano, nikaingia kwenye mikorosho ya watu, na miaka kumi na saba iliyopita nikaja Dar es Salaam kubeba mizigo. Kama umewahi kununua kitu kizito hapa Kariakoo, huenda kilipita kwenye bega langu. Sijawahi kuhutubia. Mwalimu Leticia aliponifuata alisema, "Leo, wewe ndiye uliyembebea Mama unga miaka yote hii. Simama useme masomo ya imani uliyoyapata kwenye mkate wake. Dakika tano." Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nabeba, sisemi." Akasema, "Basi beba maneno." Nimeyabeba. Ila ni mazito kuliko alivyodhani, na dakika tano hazitatosha, naomba anisamehe mapema.

Kabla sijaendelea: sufuria mnayoiona kwenye jiko pale karibu na bomba, naomba mtu asiiguse. Mwenyekiti wa Mtaa, nimekuona ukiitazama. Nitaifikia.

Kwa wageni wasiojua, nyumba hii imeuzwa. Mwisho wa mwezi inabomolewa, panajengwa ghorofa la maduka, na kila mpangaji ameshapata pa kwenda. Mama Hyasinta anarudi kwao Ndanda na mwanawe. Basi lao linaondoka kesho alfajiri. Bi Kuruthumu anahamia Mbagala kwa binti yake. Wanawake hawa wawili wamekaa mlango kwa mlango miaka thelathini na moja, mmoja wa Kanisa, mmoja wa msikiti. Mmoja akienda kusini na mwingine Mbagala, katika umri wao, watakutana wapi tena? Mimi sioni. Ndiyo maana nasema leo.

Niseme kwanza habari ya mkate, maana ndiyo niliyotumwa.

Mama Hyasinta hakuwahi kuwa na oveni. Alikuwa na sufuria moja nene, mfuniko mzito wa bati, jiko moja la mkaa na kanga moja kuukuu ya kufunikia unga. Anakanda unga wa ngano kwa hamira, sukari kidogo na tui la nazi, anaufunika, anauacha kwenye kona yenye joto nyuma ya kabati. Mwaka ule nilipomfahamu nilikuwa mtu wa hasira. Nilimwambia nimesali miaka mingi na sioni Mungu anafanya nini. Hakunijibu kwa maneno ya kanisani. Aliniuliza, "Leo, umewahi kuuona unga ukiumuka?"

Nikasema, "Kila nikija nauona umeumuka."

"Sikuulizi hilo. Umewahi kuuona unaumuka?"

Nikafikiri. Nikasema hapana.

"Basi. Unaufunika, unakwenda kufua, unarudi umekuwa mkubwa. Mungu hafanyi kazi akisimamiwa na mbeba mizigo mwenye haraka."

Nilicheka siku ile. Nimekuja kulia juu ya maneno hayo baadaye, nanyi mtajua kwa nini.

Unga ukishaumuka, unawekwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, unapandishwa jikoni. Hapo ndipo wengi hukosea. Mkate wa sufuria hauivi kwa moto wa chini peke yake. Ukiwasha chini tu, utaungua kitako, na juu utabaki mbichi. Lazima uweke makaa ya moto juu ya mfuniko, na yawe makaa yaliyokomaa, mekundu, yasiyotoa moshi wala cheche. Sasa nawauliza, mtu mwenye jiko moja atayatoa wapi makaa ya juu? Akipunguza ya chini, chini kutapoa. Akiwasha mengine mapya, unga hautamngoja.

Ninyi wa nyumba hii mnajua jibu. Bi Kuruthumu alikuwa akichemsha maharage ya kuuza tangu alfajiri, na ikifika saa nne maharage yameiva na makaa yake yamekomaa vizuri kabisa. Mama Hyasinta anatokea mlangoni na sinia la bati.

"Kuruthumu, nipe moto."

"Jana ulinipa kipande kidogo kama hirizi. Leo nataka kinachoonekana."

"Nipe moto kwanza, mwanamke, unga utanimwagikia."

Na Bi Kuruthumu, kwa kuwa hakumwamini mtu na moto wake, aliyapanga makaa kwa koleo na kuyabeba mwenyewe hadi kwenye mfuniko wa mwenzake, huku akisema hawa watu wa korosho wanajua kula tu, kuwasha hawajui. Mkate ukitoka, kipande cha kwanza kilikuwa chake. Hivyo kila siku, miaka ishirini na mitano.

Ikifika Ramadhani, Bi Kuruthumu hawashi jiko asubuhi. Basi Mama Hyasinta naye alihamisha kazi yake hadi alasiri, wakati futari inapikwa. Wateja Wakristo walikuja asubuhi wakinung'unika, "Mama, mkate uko wapi, sisi hatufungi." Aliwajibu, "Mkate unafuata moto, na moto umefunga." Na Pasaka nayo? Siku moja ya Pasaka nilipita hapa mapema, nikamkuta Bi Kuruthumu, ambaye siku hiyo hauzi maharage, ameinjika sufuria ya maji matupu juu ya jiko lililojaa mkaa. Nikamuuliza, "Shikamoo, Bi Kuruthumu. Unapika nini?" Akasema, "Marahaba. Napika Pasaka yenu."

Ndugu zangu, moto wa chini ni wangu. Ni jasho, ni bega, ni kuamka saa kumi. Huo naujua. Lakini moto wa juu mtu hajipi. Unaletewa. Kanisani wanauita neema, na mimi nililisikia neno hilo tangu nikiwa mtoto bila kuliona, mpaka nilipoliona limebebwa kwenye sinia la bati na mwanamke wa Kizaramo ambaye hajawahi kuingia kanisani kwetu isipokuwa siku moja tu, siku ya mazishi. Hilo ndilo somo nililotumwa kulisema. Ningeweza kuishia hapo, mkanipigia makofi, tukala pilau.

Lakini mazishi yale yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya binti yangu.

Jina lake lilikuwa Shukuru. Alikuja kutoka kijijini miaka sita iliyopita akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya moyo. Madaktari walisema moyo umetanuka na hauna nguvu ya kusukuma damu. Mama yake alibaki nyumbani na wadogo. Mimi nilikuwa nalala mtaa wa Gerezani, chumba kimoja na wanaume sita, nyuma ya karakana ya vipuri. Ningemlaza wapi mtoto wa kike mgonjwa? Nilimwambia Mama Hyasinta habari hiyo huku nikishusha unga, sikumwomba kitu. Alisema, "Mlete." Neno moja. Shukuru akakaa kwenye chumba cha Mama hapo wiki kumi na moja. Mama akimfundisha kukanda akiwa ameketi, ili asichoke. Bi Kuruthumu akimkanda miguu iliyovimba kila jioni kwa maji ya chumvi, akimtania kwamba akipona atamwoza kwa Mzaramo ili ajifunze kupika samaki. Shukuru alikuwa na mama watatu mwaka ule, mmoja wa kumzaa na wawili wa uani hapa.

Halafu akazidiwa, akalazwa hospitalini kule Upanga. Ijumaa nilipokwenda kumwona alisema, "Baba, kesho niletee mkate wa Mama. Wa kesho, usiniletee wa jana." Alikuwa hajala siku mbili. Mliowahi kuuguza mnajua: mgonjwa asiyekula akitaja chakula, unatoka wodini unakimbia.

Jumamosi sikwenda sokoni. Saa nne na nusu unga ulikuwa tayari. Mama Hyasinta akaupandisha jikoni, Bi Kuruthumu akaleta makaa. Niliyaona kwa macho yangu, na leo nayashuhudia mbele ya Padre na mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa: yalikuwa mekundu, yamekomaa, hayana doa. Bi Kuruthumu akayapanga kwenye mfuniko moja moja, akasema, "Haya, mpelekee mwanangu," akachukua ndoo yake ya maharage akaenda sokoni. Mama Hyasinta akasema anakwenda kuoga ili twende wote kwa mgonjwa. Akaniambia, "Leo, kaa hapa. Usifunue, hata ukisikia harufu. Harufu si mkate."

Nikakaa.

Mimi, jamani, ni mtu wa kubeba. Mkokoteni ukikwama, nasukuma. Gunia likikataa, naliongezea bega. Mambo yangu yote nimeyamaliza kwa kuyasukuma. Kungoja sijafundishwa. Muda wa kuona wagonjwa unaanza saa sita, na mimi nikahesabu njia, nikahesabu geti, nikahesabu ngazi. Harufu ikaja. Nikajiambia, umeiva. Nikajiambia, natazama tu.

Nikashika mfuniko kwa kitambaa, nikauinua upande mmoja. Makaa yakateleza. Machache yakaanguka chini, jivu likamwagika ndani, upepo ukaingia. Niliuona mkate. Ulikuwa umeinuka, umejaa hadi juu, mzuri, bado mweupe katikati. Halafu mbele ya macho yangu ukashuka, taratibu, kama mgonjwa anayerudishwa kitandani.

Nikatoa jivu kwa vidole. Nikarudisha mfuniko. Nikaokota makaa yaliyoanguka, yakiwa yameanza kuwa meusi, nikayarudisha juu, nikakaa pale pale nilipoambiwa nikae, kama mtu ambaye hakusimama.

Mama alipotoka na kufunua, mkate ulikuwa umebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Aliinama. Akatazama makaa, akayaona ya kijivu na meusi. Akaniuliza, "Leo, makaa ya Kuruthumu yalikuwa hai?"

Nikasema, "Yalikuwa na majivu mengi, Mama."

Maneno matano. Nimebeba magunia ya kila aina katika mji huu na sijui mzigo ulionielemea kama maneno hayo matano. Kwa nini niliyasema? Hakuna aliyenishikia fimbo. Mama angenigombeza kidogo, angesema mkono wa kuli hauna adabu, tungeondoka. Lakini niliona aibu. Mtoto wangu ameomba kitu kimoja, na mimi baba yake, ambaye sikuweza kumpa hospitali ya mapema wala chumba cha kulala, nimekiharibu hata hicho kimoja. Nilishindwa kulisikia kosa hilo likisemwa. Nikalitupa kwa mtu ambaye hakuwepo.

Tukaupeleka hivyo hivyo. Njia nzima Mama aliushika mapajani, umefungwa kwenye kanga. Shukuru akaufungua, akautazama, akacheka. Ndiyo, alicheka. Alisema, "Baba, huu umelala kama wewe ukirudi kutoka sokoni." Mama akaanza kuomba radhi, akasema, "Mwanangu, makaa yametusaliti." Mimi nipo, nasikia, nimenyamaza. Shukuru akasema, "Mama, usijali. Pembeni pameiva." Akala pembeni kote, akizungusha kwa vidole, akaacha katikati. Alikula kuliko alivyokula wiki nzima.

Jumapili, kabla ya misa ya pili, akafariki.

Mnaona? Mkate ulioanguka ulimtosha. Hakuhitaji mzuri kuliko ule. Uongo wangu haukumwokoa na kitu chochote, wala mimi haukuniokoa. Ningesema kweli pale pale wodini, mtoto angecheka mara mbili.

Matanga yalikuwa hapa hapa uani, wazee mnakumbuka. Siku ya tatu wanawake walikuwa wanawapikia waombolezaji, na Bi Kuruthumu akaja na sinia lake la makaa, kama kawaida yake, bila kuombwa. Mama Hyasinta alikuwa hajalala siku tatu. Akasema mbele ya wote, "Kuruthumu, hayo ni mazima, au ni kama yale ya Jumamosi?"

Bi Kuruthumu akasimama na sinia mkononi. "Makaa yangu yalikuwa mekundu, Hyasinta."

"Yalikuwa majivu. Mtoto amekufa ameletewa mkate mbichi."

Bi Kuruthumu alinitazama mimi. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, watu wamenishika mabega. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha mtu kusema neno moja, na mimi nikatazama mkeka. Akaweka sinia chini, akaingia chumbani kwake.

Tangu siku ile hakuna aliyesikia "nipe moto" katika ua huu. Mama Hyasinta alinunua jiko la pili. Walisalimiana, maana ni watu wenye adabu: umeamkaje, nimeamka salama. Basi. Lakini Ramadhani Mama alioka asubuhi, na Pasaka jiko la Bi Kuruthumu lilikaa baridi. Wateja walisema mkate umebadilika. Mama alisema ni unga wa siku hizi. Na mimi, niliyejua kilichobadilika, niliendelea kumletea unga huo, nausimamisha pale mlangoni, nasema shikamoo kulia na shikamoo kushoto.

Mara moja tu Bi Kuruthumu aliniuliza. Ilikuwa pale kwenye bomba, miezi kadhaa baada ya mazishi. Alisema kwa sauti ndogo, "Leo, moto wangu siku ile ulikuwaje?" Nikasema, "Bi Kuruthumu, kuna mzigo unaningoja." Nikaondoka na mkokoteni mtupu. Hakuniuliza tena.

Nimefikiri sana kwa nini hakuniuliza tena. Bi Kuruthumu si mtu wa kukosa maneno. Ninyi majirani zake mnamjua, akimsuta mtu, mtu huyo anahama mtaa. Angeweza kunisimamisha mbele ya watu mpaka nikasema. Alijua. Sijui kama aliona jivu kwenye vidole vyangu au aliona macho yangu, lakini alijua. Alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimezika mtoto, na aliona mtu aliyezika haongezewi kitu mgongoni. Miaka sita amepoteza rafiki yake ili mimi nisiaibike. Mimi ndiye ninayeitwa mbeba mizigo, na miaka sita mzigo wangu umebebwa na mwanamke wa miaka sabini mwenye magoti mabovu.

Baba Paroko, nimeungama kwako mara nyingi. Nimeungama pombe, nimeungama matusi, nimeungama kutokutuma kitu nyumbani. Hili sikuliungama. Nilijua utaniambia niende kwa nani. Tumefundishwa kwamba ukileta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache hapo, uende kwanza ukapatane naye. Mimi nimepita na sadaka yangu miaka sita, na mlango wa yule ndugu uko hatua tatu kutoka ninaposhushia unga.

Kwa hiyo nasema sasa, na nasema kwa sauti ili na wa nyuma wasikie. Mama Hyasinta, makaa yalikuwa mekundu. Ni mimi niliyefunua. Bi Kuruthumu hakukukosea kitu, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Ulimkosea wewe, kwa sababu yangu.

Mama, naona umeshika ukingo wa kanga. Tafadhali usiseme bado. Ukisema sasa nitashindwa kumaliza.

Bi Kuruthumu, wewe sikuombi unisamehe hapa mbele ya watu, maana mbele ya watu mtu mwema hana njia ya kukataa. Nitakuja mlangoni kwako peke yangu, na ukinifukuza nitakuwa nimefukuzwa kwa haki. Leo nimekuja tu kukurudishia makaa yako yakiwa mekundu, kama ulivyoyatoa.

Mama ana namna ya kupima mkate. Anachomoa njiti moja ya chelewa kwenye ufagio mpya, anaichoma katikati, anaitoa. Ikitoka safi, mkate umeiva. Ikitoka na unga, bado. Zamani nilikuwa namwambia, "Mama, choma pembeni, pembeni pameiva." Alikuwa akinijibu, "Pembeni huwa pameiva siku zote, Leo. Watu wote pembeni tumeiva." Mniangalie basi. Nasali, nafika jumuiya, naimba, nabeba benchi za kanisa bila malipo. Pembeni pameiva. Leo nimechomwa katikati mbele yenu, na mmeona kilichotoka na njiti.

Sasa ile sufuria.

Unga wake nimeukanda mwenyewe leo asubuhi, kwa hamira na tui, kama Shukuru alivyofundishwa na kama nilivyomwona akifanya. Mama alifikiri ni wa wageni. Ni mkate wake wa njiani. Nimeupandisha jikoni wakati Mwalimu Leticia ananikaribisha, na moto wa chini nimeuweka mimi, mdogo, ndio ninaoujua. Juu ya mfuniko hakuna kitu. Si kwamba nimesahau, Mwenyekiti. Mkaa upo, kiberiti ninacho. Lakini sina haki ya kuwasha moto wa juu wa mkate huu. Sijui tu kama bado kuna wa kuuomba. Kama hakuna, mkate utaungua chini na kubaki mbichi juu, na Mama atasafiri nao hivyo hivyo, na atakayeuonja kule Ndanda ataonja nilichokifanya.

Hautamrudisha Shukuru. Najua. Angekuwa na miaka ishirini na mitano sasa, na pengine mmoja wenu pale ukutani angekuwa mkwe wangu. Hakuna mkate unaorudisha mtu. Nataka tu wanawake wawili waliomkanda na kumlisha mwanangu wasiachane kesho kama watu waliokoseana, wakati aliyekosa ni mwingine.

Pale kwenye jiko la Bi Kuruthumu kuna birika la chai yenu, na chini yake kuna makaa yaliyokomaa. Sinia la bati liko mlangoni kwa Mama, nimelitoa uvunguni leo asubuhi, nikalifuta vumbi. Mimi siombi. Mwenye haki ya kuomba ni mmoja tu, na anayajua maneno, aliyasema miaka ishirini na mitano.

Mama, sasa unaweza kusema.

Ninyi wa nyuma hamkusikia. Sauti yake imekuwa ndogo siku hizi. Ngoja niwarudishie, maana hiyo ndiyo kazi yangu, kubeba kitu kutoka mbele kupeleka nyuma. Mama Hyasinta amesema, "Kuruthumu, nipe moto."

Bi Kuruthumu hajadai hata kipande. Ameinuka, amechukua sinia.

Basi mimi nimefika mwisho wa maneno niliyopewa kubeba. Mama, nenda salama, uwasalimie wa nyumbani, na kesho basi likipita karibu na kaburi la binti yangu mwambie baba amesema. Ninyi nyote mliokaa na mliosimama, asanteni kwa masikio yenu, na kwa kutonikatiza. Wenye viti pale mlangoni, sogeeni kidogo, mpisheni njia. Amebeba moto.